Kupima udongo mbele ya kununua mbolea: wakati gani inafaa?

Sezoni A inaanza mwezi wa kenda, na tangu mwezi wa saba komite za koperative zinaanza kukusanya pesa ya mbolea. Huko Kibumba mama mmoja aliniuliza: "Agronomu, kila mwaka tunanunuaka 17-17-17, na viazi vinaendelea tu kupunguka. Udongo yetu ya volkano si iko na nguvu?"

Swali lake ni la maana, kwa sababu pesa inayotoka ni ya wote, na mara nyingi ni deni.

Ni kweli, lava ya Nyiragongo iko na potasi nyingi. Lakini nguvu ya udongo si kitu kimoja. Mmea unataka azoti, fosfori, potasi na vingine vidogo vidogo, na udongo wa volkano una tabia ya kufunga fosfori: iko ndani, lakini mizizi haiipati. Tena karibu na Goma udongo ni mwembamba juu ya mawe. Mtu wa Kibumba na mtu wa milima ya Masisi hawana udongo mmoja, hata kama wote wanauita "udongo mweusi".

Tufanye hesabu. Mfuko wa kilo 50 wa 17-17-17 unabeba kilo 8,5 za azoti, kilo 8,5 za fosfori na kilo 8,5 za potasi, vile viwanda vinavyohesabu. Kama shamba lako tayari liko na potasi ya kutosha, theluthi moja ya chakula ulicholipia haikuwa na kazi. Mfuko wa DAP una kilo 9 za azoti na kilo 23 za fosfori, bila potasi. Sisemi mukimbilie DAP! Viazi vinakula potasi sana, na shamba lililolimwa viazi miaka kumi linaweza kuchoka hata juu ya lava. Ndiyo maana tunapima.

Lakini si kila shamba baya linahitaji laboratwari. Viazi vikinyauka vingali kijani, kata kipande cha shina karibu na udongo, ukitundike ndani ya glasi ya maji safi. Kama nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, huo ni mnyauko wa bakteria. Mbolea haitausaidia, badilisha mbegu na shamba. Watu wa upande wa Rusayo wanajua pia mvua inayopita ndani ya moshi wa volkano na kuunguza majani. Hiyo nayo si njaa ya udongo. Kwa maharagi, ng'oa mche mmoja wakati wa maua, pasua vinundu vya mizizi: vikiwa vyekundu ndani vinafanya kazi ya azoti, vikiwa vyeupe au vya kijani, au kama havipo, kuna shida.

Tafuta kipimo wakati mavuno yanashuka sezoni tatu mfululizo na mbegu ilikuwa nzuri. Tafuta pia mbele ya kupanda kahawa, kwa sababu itakaa miaka mingi. Wakati munakodi shamba jipya au munarudia shamba lililolala. Na zaidi sana mbele ya koperative kununua mbolea kwa pamoja. Kisha miaka mitatu hivi inaweza kupita bila kupima tena.

Kuchukua udongo ndiko watu wanakosea, na mimi wa kwanza. Nilipotoka institi, nilibeba udongo wa koperative moja ndani ya mfuko uliokuwa wa urea. Majibu yakaonyesha azoti ya ajabu. Walilipa bure, na ilinibidi kurudi kuomba samahani.

Basi: ndoo safi, jembe safi. Tembea shamba kwa kukata kona, chimba mahali 10 mpaka 15, sentimita 20 kwenda chini. Ruka njia, mahali pa kuchomea takataka, penye ng'ombe walilala na penye mbolea iliwekwa karibuni. Changanya, toa nusu kilo, kausha kivulini, andika jina la shamba na tarehe. Juu ya mlima na bondeni musichanganye. Fanya hivyo wakati wa kiangazi, mwezi wa sita au wa saba, ili majibu yafike mbele ya pesa kutoka.

IITA iko na laboratwari Kalambo, Kivu ya Kusini. Lakini safari si rahisi kwa sasa, na mashamba kumi yanayofanana yanaweza kutuma udongo mmoja na kugawana bei. Ikishindikana kabisa, pimeni na shamba lenyewe: vipande vinne vya mita 5 kwa 5, mbegu moja, siku moja. Cha kwanza bila kitu, cha pili samadi, cha tatu samadi na DAP, cha ine samadi na 17-17-17. Siku ya kuvuna, pima kila kipande kwa mizani mbele ya wanachama wote. Kama cha tatu na cha ine vinalingana, potasi haikuwa shida yenu.

Majibu ya laboratwari yakifika, angalieni kwanza pH. Ikiwa chini ya 5,5, maharagi yanateseka, na pesa ya kwanza iende kwa chokaa, mifuko ya mbolea ingojee.