Mradi Ubaki Darasani, Somo Liende Nyumbani

Mzazi wa Makadara, Nairobi, mwenye mtoto katika mtaala wa umilisi (CBC), awe Jericho au Maringo, anaijua saa tatu ya usiku: mtoto anakumbuka kwamba kesho inatakiwa manila, gundi na picha za kuchapishwa saiba. Saiba imefungwa. Mama anakata na kubandika huku mtoto akisinzia, na alama zinaandikwa kwa jina la mtoto. Kosa la mpango huo ni mahali. Kazi ngumu imepelekwa kwa mtu asiyesomea ualimu, naye mwalimu anatumia kipindi chake cha dakika 40 kuandikisha maelezo ambayo tayari yamo kitabuni.

Darasa-pinduzi linabadilisha zamu hizo. Maelezo ya msingi mwanafunzi anayasoma kabla ya kipindi. Kipindi kinabaki kwa yale yanayomtatiza, mwalimu akiwa karibu. Waliolipa umaarufu ni Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walimu wa kemia katika jimbo la Colorado, Marekani, ambao mwaka 2007 walianza kurekodi masomo kwa video kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba bila bando haliwezekani. Lakini Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alikuwa ameanza jambo kama hilo mapema miaka ya 1990 kwa kutumia maandishi: wanafunzi wasome kwanza, kisha darasani wabishane na jirani juu ya maswali aliyowapa.

Makadara inamhitaji Mazur kuliko video. Simu ya nyumbani huwa mkononi mwa mzazi ambaye bado yuko kazini au ndani ya matatu kwenye Barabara ya Jogoo, na katika chumba kimoja cha Viwandani sauti ya somo hushindana na taarifa ya habari. Kurasa 2 za kitabu cha serikali zinatosha. Asiyepata utulivu nyumbani ana maktaba za kaunti mitaani, Kaloleni na Makadara, ambazo shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, lilijitwika kazi ya kuzifufua.

Sasa chukua mradi wa Gredi ya 8: familia za mtaa wetu hulipa kiasi gani kwa maji? Usiku wanafunzi wanasoma kuhusu ujazo. Asubuhi wanajibu maswali 3 kwa dakika 5, na ambaye hakusoma anakaa pembeni asome kwanza, bila kiboko wala matusi. Kisha hesabu inaanza. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20. Ikiwa mwenye mkokoteni anauza jerikeni kwa shilingi 20, mita hiyo imegharimu shilingi 1,000. Kundi linaweka kando yake bili ya mfereji iliyoletwa na mmoja wao na kulinganisha. Hapo ndipo maswali ya kweli yanapozuka. Kwa nini asiye na mfereji alipe zaidi? Je, mkokoteni unauza maji tu, au pia jasho la kuyasukuma? Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuingilia hapo na kuwafundisha kumhoji muuzaji kwa adabu, na wa sayansi akaleta mchanga, changarawe na chupa iliyokatwa ili wajaribu kuyachuja. Hakuna manila ya kununuliwa.

Kundi linapofanya kazi mbele ya mwalimu, uvivu hauna pa kujificha. Mwalimu anapita na daftari, anamchagua mwanafunzi yeyote na kumwambia, "Nieleze mlivyoipata hii." Akishindwa, kundi zima linarudi nyuma hatua moja. Hilo lina uzito, kwa sababu tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, na alama za mama hazimsaidii mtoto akikaa peke yake mbele ya karatasi ya mtihani.

Wapo wanaopinga, na wana hoja. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walionya kwamba anayeanza kujifunza jambo hapaswi kuachiwa alivumbue mwenyewe. Anahitaji kuonyeshwa hatua. Nakubaliana nao. Kwa hiyo mfano mmoja wa hesabu ya maji uandikwe ubaoni na ufanywe pamoja kabla ya makundi kuachiliwa. Darasa likiwa na wanafunzi 60, makundi 10 ya watoto 6 yanachosha, na mwalimu mmoja hawezi kuyafikia yote katika kipindi kimoja. Afikie 5 leo na 5 kesho. Na asijaribu kupindua masomo yote: mada moja kwa muhula, ile inayowatatiza zaidi, inatosha kuanzia, na madaftari ya mwaka huu yahifadhiwe kabatini ili darasa lijalo likague bei upya.