Kubadili Breki za Land Rover Kuukuu

Land Rover za Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985, zina breki za ngoma magurudumu yote. Ngoma zikipata moto sana, breki hupungua nguvu. Kwa hiyo chama cha Temeke au Kinondoni chenye gari hilo chaweza kutamani breki za diski za mbele, kama za Land Rover 110 ya 1983. Lakini diski pekee hazitoshi. Ngoma hujikaza kwa mzunguko wa gurudumu. Diski hazijikazi, huhitaji msukumo mkubwa wa mafuta. Masta silinda inayolingana nazo na sevo ni lazima. Katibu adai orodha kamili ya vifaa kabla ya kazi kuanza, na gari lijaribiwe tupu kabla ya kubeba wanachama.