Mrushaji au Mtupaji?

Muhula uliopita nilitafsiri habari ya David Matoma, kijana wa Uganda aliyesaini mkataba na timu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani mwaka 2023. Anacheza besiboli, na kazi yake niliiandika "mtupaji". Darasani wenzangu walicheka: "Anatupa takataka?"

Likizo nilimweleza mjomba wangu, mvuvi wa Baraka. Yeye hakucheka. "Mwipwa wangu, sisi kila usiku tunatupa nyavu. Nani ameziita takataka?"

Basi ilinipasa kuielewa kazi yenyewe kwanza. Mchezaji huyo husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo. Mpira wake ukipita kilomita 150 kwa saa, mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua. Mpira unapaswa kupita juu ya kituo cha mpigaji, kati ya kifua na magoti. Mpigaji akikosa mara tatu, ametoka. Mipira minne ikipita nje ya eneo hilo bila yeye kuipiga, anapewa kituo cha kwanza bure. Kwa hiyo nguvu bila shabaha ni hasara.

Hapo nikaona tofauti. Wavu ukitupwa, jicho liko majini, kwenye samaki. Katika besiboli kila kitu huamuliwa mpira ukiwa bado hewani, na safari hiyo ya hewani ndiyo "kurusha". Nikachagua "mrushaji".

Neno hili lina uzito kwa sababu safari ya vijana hawa ilikuwa ndefu. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu mashindano ya dunia ya Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Mwaka 2022 mrushaji Ben Serunkuma na mwenzake Umar Male walisaini na Los Angeles Dodgers. Matoma akafuata.

Kijana wa Fizi, ambako mpira maana yake ni wa miguu, atamjua Matoma kupitia neno letu kwanza. Kamusi ilinipa maneno yote mawili, haikunionyesha uwanja. Nilisahihisha kurasa zote, nikachelewa kukabidhi kazi, nikakatwa alama. Mjomba bado anasema "mtupaji", naye ana haki yake ziwani.