Kibaba cha Mfuto: Kufundisha Vipimo kwa Njia ya Upishi katika Shule za Msingi, pamoja na Mfano wa Mkuyuni, Uluguru

Mtu akitoka mjini Morogoro akaishika barabara iendayo Kisaki, huizunguka milima ya Uluguru kwa upande wa mashariki, akapita Kiroka, kisha akafika Mkuyuni. Nchi hiyo ni ya mvua na rutuba. Migomba, minazi, mpunga, mahindi na muhogo hustawi huko, na milimani hupandwa viungo kama mdalasini, karafuu na pilipili manga. Karibu kila kilimwacho huuzwa au hupikwa kwa kipimo fulani: mahindi kwa debe, mchele kwa kopo, ndizi kwa mkungu. Basi mtoto wa Mkuyuni aingiapo darasa la kwanza si mgeni wa vipimo. Amekwisha kutumwa dukani, amemwona mama yake akichota unga, na ajua sufuria ipi huwatosha watu wa nyumbani kwao. Lakini maarifa hayo aghalabu huachwa nje ya mlango wa darasa. Somo la vipimo huanza kwa mita, kilo na lita zilizoandikwa ubaoni, kana kwamba mtoto hakupata kuona kipimo maishani mwake.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi jiko liwezavyo kuwa daraja baina ya maarifa ya nyumbani na yale ya shuleni. Hata hivyo, si kila upishi ufundishao vipimo. Watoto waweza kupika mwaka mzima wasijifunze lolote, ikiwa mwalimu mwenyewe hakuelewa jambo moja ambalo ndilo msingi wa somo zima: kwamba chombo peke yake si kipimo. Chombo huwa kipimo pale tu watu wanapopatana jinsi ya kukijaza.

Mfuto na Tele

Kiswahili kililijua jambo hili zamani. Nafaka ilipimwa kwa kibaba. Vibaba 2 vilifanya kisaga 1, na visaga 2 vilifanya pishi 1. Kwa hiyo pishi ilikuwa na vibaba 4, hesabu iliyo nyepesi hata kwa mtoto, maana kila hatua ni kuongeza mara mbili. Lakini haikutosha kutaja kibaba tu. Ilipasa kusema kama ni kibaba cha mfuto, yaani kile kilichofutwa juu kwa mkono au kwa kijiti hata nafaka ikawa sawa na ukingo, au ni kibaba cha tele, yaani kile kilichojazwa hata nafaka ikafanya kilima. Chombo ni kile kile, bali vipimo ni viwili. Na mtu aliyenunua kwa tele akauza kwa mfuto alipata faida pasipo kupandisha bei.

Siku hizi kibaba hakitumiki sana huku bara, na maneno mfuto na tele kwa maana hiyo yamesahauliwa na wengi. Lakini jambo lenyewe halikutoweka. Mahali pa kibaba pameshikwa na kopo na sado, yaani kindoo cha rangi cha lita 4, na juu yake lipo debe. Debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Leo jina hilo hilo hupewa pia ndoo ya plastiki ya lita 20. Mkulima apimaye debe 6 kwa ndoo hiyo hutoa nafaka zaidi kwa lita zipatazo 11 kuliko yule apimaye kwa bati la zamani, na wote wawili husema kwamba wameuza debe 6. Jina limebaki, kipimo kimebadilika.

Tele nayo imepata jina jipya. Gunia lililojazwa kupita kiasi, likaongezwa kilemba juu na kushonwa kwa kamba, huitwa lumbesa. Sheria ya Vipimo ya mwaka 1982 iko, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepewa kazi ya kuisimamia. Hata hivyo lumbesa imeendelea kulalamikiwa na wakulima mahali pengi nchini. Hapo ndipo ionekanapo kuwa somo la vipimo si pambo la ratiba ya shule. Ni ngao ya mtoto wa mkulima.

Ngazi za Mafunzo

Wazo la kufundisha hesabu jikoni si geni duniani. John Dewey, katika shule ya majaribio aliyoianzisha Chicago mwaka 1896, aliwaacha watoto wapike chakula chao wenyewe, ili hesabu itokee katika kazi yenye maana kwao. Huku kwetu, andiko la Mwalimu Nyerere la Elimu ya Kujitegemea lilitoka mwaka 1967, likataka shule isitengane na maisha ya watu waizungukao. Katika mwaka huo Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Maana ya mambo hayo mawili pamoja ni kwamba mtoto aweza kujifunza vipimo kwa maneno anayoyasikia jikoni, mradi mwalimu ayapange maneno hayo katika ngazi zifuatanazo.

Ngazi ya kwanza ni ya kumimina. Maji ya kikombe kifupi kipana humiminwa katika chupa ndefu nyembamba mbele ya watoto, kisha huulizwa kama maji yameongezeka. Jean Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba mtoto mdogo hudanganywa na urefu: akiona maji yamepanda juu, husema yamezidi. Kumkanya hakusaidii. Dawa ni kumwacha arudishe maji katika kikombe cha kwanza kwa mkono wake, tena na tena, hata aone kuwa ni yale yale. Kazi hii haigharimu kitu, na yafaa itangulie moto.

Ngazi ya pili ni ya mapatano. Makundi mawili ya watoto hupewa kikombe cha namna moja, unga wa mahindi na maji, nao hupika uji kwa vikombe sawa kwa hesabu. Kundi moja huchota unga kwa tele, la pili kwa mfuto, na mwalimu hanyoshei kidole tofauti hiyo. Uji ukiiva, wa kwanza ni mzito na wa pili ni mwepesi. Ndipo watoto huulizwa: Mbona vikombe vilikuwa sawa? Jibu hutoka vinywani mwao wenyewe, kwa kuwa ulimi ndio uliotoa hukumu. Baada ya hapo huchanganywa sufuria zote mbili na kunywewa, wala hakuna kilichopotea. Maneno mfuto na tele yafaa kufundishwa saa hiyo hiyo, maana yametafutiwa haja kabla ya kutajwa.

Ngazi ya tatu ni ya kipimo sanifu. Mtoto akishatambua kuwa vikombe vya nyumba mbalimbali havilingani, huona mwenyewe haja ya kipimo kisichotegemea nyumba ya mtu. Chupa ya maji ya nusu lita hupatikana hata katika duka dogo la kijijini. Chupa 2 hufanya lita 1, na lita 20 hufanya ndoo. Watoto hujaza kopo la nyumbani, sado na debe kwa chupa hiyo, nao huandika hesabu. Hapo lita huacha kuwa neno la kitabuni, ikawa jibu la swali waliloliuliza wenyewe.

Ngazi ya nne ndiyo ngumu, nayo ni ya kutenganisha ujazo na uzito. Katika maneno ya kila siku mambo haya mawili huchanganyika, kwa kuwa muuzaji husema "kilo" huku akipima kwa kopo. Mwalimu huweza kutengeneza mizani kwa fimbo nyofu, uzi na makopo mawili yaliyo sawa. Nusu lita ya maji ina uzito wa nusu kilo, kwa hiyo chupa iliyojaa huwa jiwe la mizani, na chupa tupu ya namna ile ile huwekwa upande wa pili ili uzito wa chupa usihesabiwe. Kisha hupimwa kikombe cha mililita 250. Cha maji huwa na gramu 250. Cha mchele huwa na kama gramu 200. Cha unga huweza kuwa na 150 au pungufu, na unga huo huo ukishindiliwa huongezeka uzito kikombe kisibadilike. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hatakubali tena kwamba kopo ni kilo.

Ngazi ya tano ni ya uwiano. Ikiwa kikombe 1 cha mchele hutaka vikombe 2 vya maji, na watoto 5 hushibishwa na vikombe 2 vya mchele, basi watoto 40 watahitaji vikombe 16 vya mchele na 32 vya maji. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini mpishi mzoefu hatatia maji yote 32. Ajua kuwa katika sufuria kubwa maji yapoteayo kwa mvuke ni machache kwa kadiri ya chakula. Ajua tena kuwa mchele mpya, uliotoka shambani karibuni, hutaka maji machache kuliko wa zamani. Mwalimu asiyaone haya kuwa ni kuvunja hesabu. Yaonyesha kwamba hesabu hutoa makisio mema ya kuanzia, na kwamba mama aliyepika miaka mingi ana maarifa yanayostahili kuulizwa. Mzazi mmoja akialikwa darasani kueleza hayo, somo hupata mwalimu wa pili.

Ndizi nazo zina funzo lake. Mkungu huwa na chane, na chane huwa na ndizi moja moja, kwa hiyo mtoto huweza kuhesabu kwa mafungu. Lakini mikungu miwili hailingani. Kuuza kwa mkungu ni kuuza kwa makisio ya macho, na mwenye macho yaliyozoea zaidi ndiye ashindaye. Darasa likipima mikungu 3 kwa mizani ya shule au ya kukodi, tofauti itakayoonekana itazungumzwa hata nyumbani.

Mashaka na Majibu

Wako wasemao kwamba chakula si mchezo, na neno lao lina haki. Pasipo shibe, kuwapa watoto unga wa kuchezea ni kufuru. Ndiyo maana yafaa kila kipikwacho kiliwe, na mahali ambapo shule hupika chakula cha mchana kwa michango ya wazazi, somo lifanywe juu ya sufuria hiyo hiyo. Michango ikiletwa kwa debe na kopo, kuipokea, kuipima na kuiandika ni somo kamili, tena huzuia manung'uniko, maana kila mzazi ajua mwenziwe ameleta kiasi gani.

Shaka la pili ni la moto. Watoto wadogo wasikaribie mafiga. Ngazi nne kati ya hizo tano huweza kufanywa pasipo wao kugusa jiko, mtu mzima akawapikia. Shaka la tatu ni zito zaidi: kwamba upishi huweza kugeuka utumishi, wasichana wakapika na wavulana wakaandika hesabu. Ikiwa hivyo, somo limekufa kwa pande zote mbili, kwa kuwa msichana amefanya kazi aliyoijua asipate hesabu, na mvulana ameandika tarakimu asizozishika kwa mkono. Dawa ni zamu: apimaye leo ndiye aandikaye kesho.

Baada ya ngazi zote, darasa la juu hupewa swali la mwisho, lisilo na sufuria. Mkulima ana mahindi debe 24. Akijaza magunia ya debe 6, atapata magunia 4. Mnunuzi akimtaka ajaze lumbesa ya debe 8 kwa bei ya gunia, atapata magunia 3 tu. Gunia la nne limekwenda wapi? Halikuibwa usiku, wala hakuna aliyelibeba kwa siri. Limegawanyika juu ya magunia matatu, likapakiwa garini mchana mbele ya mwenyewe. Mtoto aliyepika uji kwa kikombe cha tele na kwa kikombe cha mfuto hujibu swali hilo bila kukawia, na jioni huenda akamwuliza baba yake mahindi ya mwaka huu yatajazwa vipi.