Celica Ikirudi: Gia za Mkono au Otomatiki?

Novemba 2024, kwenye Rally Japan, Hiroki Nakajima, mmoja wa wakubwa wa Toyota, alitamka mbele ya watu kwamba kampuni inatengeneza Celica. Jina hilo lilizaliwa 1970 na likapumzishwa 2006. Kwa Mkenya aliyekulia enzi za Safari Rally halihitaji utambulisho: Björn Waldegård na Juha Kankkunen walishinda nalo miaka ya 1980, na 1994 Ian Duncan, mwana wa nyumbani, akashinda nalo pia. Gari jipya bado linasubiriwa, lakini ubishi umeshapamba moto, na ni ubishi wa kila gari la michezo: gia za mkono au otomatiki?

Kabla ya kushika upande, tuwatazame ndugu zake. Supra ilipofufuliwa 2019 ilikuja na otomatiki ya gia 8 tu. Wapenzi wa klachi walinung'unika, baadhi wakanunua hivyo hivyo, na 2022 Toyota ikatangaza Supra ya gia 6 za mkono. GR Corolla ilikwenda kinyume chake: ilianza 2022 na gia za mkono peke yake, otomatiki ikaja kwenye toleo la 2025. GR Yaris ya tabo nayo ilitoka 2020 na klachi, otomatiki ikafuata 2024. Kwa mwendo huo, gia unayoikosa siku ya uzinduzi huenda ikaja baada ya miaka miwili, mitatu au minne. Anayenunua asichokitaka kwa hofu ya kuachwa atajikuta akiuza gari lake siku zile zile ambazo lile alilolitamani linaingia sokoni, na mnunuzi naye hatakosa kulitaja hilo wakati wa kupatana bei.

Kwenye bei hakuna kanuni moja. GR86, gari lingine la michezo la Toyota, ilipoanza kuuzwa Marekani kama toleo la 2022, ya mkono ilianzia dola 27,700 na otomatiki dola 29,200, yaani dola 1,500 zaidi kwa kuutoa mguu wa kushoto kazini. Nissan Z ya 2023 ilianzia dola 39,990, uchague gia 6 za mkono au otomatiki ya gia 9. Supra ya injini ya lita 3.0 nayo haikutofautisha.

Je, otomatiki ya GR86 inarudisha dola zake kwa mafuta? Kwa vipimo rasmi vya Marekani, ya mkono inatumia karibu lita 10.7 kwa kilomita 100, na otomatiki chini kidogo ya 10. Ukitembea kilomita 15,000 kwa mwaka, unaokoa lita zipatazo 135. Tukikadiria lita moja kwa dola moja, zile 1,500 zinarudi baada ya miaka 11 hivi, na wenye magari ya namna hii hawakai nayo muda huo. Kwa hiyo anayejitetea kwa hoja ya mafuta atafute nyingine. Na ipo: kwenye matoleo ya 2022 na 2023 ya Marekani, mfumo wa kufunga breki wenyewe gari linapokaribia kugonga uliwekwa kwenye otomatiki tu, ya mkono iliupata toleo la 2024. Ukiwa na mtoto kiti cha nyuma (finyu kweli, lakini kipo), hilo lina uzito kuliko mafuta.

Na mbio? Hapa ndipo injini inapoamua. Kwa takwimu za Toyota yenyewe, GR86 ya mkono hufika maili 60 kwa saa ndani ya sekunde 6.1, otomatiki 6.6. Kwa Supra mambo yanageuka: otomatiki 3.9, mkono 4.2. Injini ya GR86 haina tabo, nguvu zake ziko juu kwenye resi, na dereva mwenye klachi anaweza kuishikilia huko. Supra ina tabo, inavuta tangu resi za chini, na giaboksi lenye gia 8 linabadilisha upesi kuliko mkono wa binadamu yeyote. Basi Celica itakapotoka, swali la kwanza liwe juu ya injini. Ikiwa nyepesi na haina tabo, nitachukua ya mkono. Ikiwa na tabo, na mimi nikikaa Dar es Salaam nikishinda kwenye foleni za Ubungo, nitachukua otomatiki wala sitaona haya.

Foleni ndiyo inayoila klachi. Kwa barabara wazi hudumu miaka; kwa kusogea na kusimama, au mtu akizoea kupumzisha mguu juu ya pedali, huisha mapema mno. Kinachouma mfukoni ni kazi yenyewe, kwa sababu giaboksi lazima lishushwe. Ndiyo maana fundi mwenye akili atakushauri ubadilishe sahani, presha pleti na beringi kwa mkupuo, na akague flaiwili akiwa hapo hapo. Otomatiki haikusumbui hivyo, lakini usiwaamini wanaosema oili yake ni ya maisha. ZF, kampuni inayotengeneza giaboksi la Supra, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Anayenunua gari lililotumika aulize kumbukumbu za oili hiyo kwanza. Likifa, la gari la kawaida kama Vitz utalipata lililotumika kwenye gereji yoyote kubwa. La gari la michezo utasubiri lije kwa meli.

Ukiwaza kuuza baadaye, gia za mkono zina bahati ya uchache. Porsche ilitoa 911 GT3 ya 2013 bila klachi, kisha 2016 ikaleta 911 R, ya mkono tu, magari 991 kwa dunia nzima. Bei zake za mkononi zilipaa mbali na bei ya dukani, hadi 2017 GT3 ya mkono iliporudi na kuzipunguza makali. Celica haitakuwa adimu kiasi hicho, kwa hiyo usiinunue kama shamba.

Wengi wetu Afrika Mashariki tutaliona gari hili likiwa limeshatumika Japani au Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, hivyo anayesubiri bei ishuke ana ukomo. Leseni nayo ikaguliwe: daraja B1 la Kenya ni la otomatiki tu, na Uingereza aliyefaulu mtihani kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la klachi.

Kwa walioko Uingereza watakaotaka Celica mpya, funzo lipo: GR86 ilipofunguliwa kwa oda 2022 mgao uliisha kwa dakika 90. Dakika hizo hazitoshi kumuuliza mwenzi wako, fundi na benki. Kabla ya kutoa malipo ya kutangulizia, pata kwa maandishi majibu mawili: kama fedha hizo zinarudishwa, na kama unaweza kubadili aina ya gia bila kupoteza nafasi yako kwenye foleni.