Kipande cha Sabuni Darasani

Wasikilizaji, mwanafunzi wa sekondari aweza kukariri maneno “ubepari” na “ujamaa” asijue maana yake. Basi mwalimu na ashike kipande cha sabuni, aulize: Kiwanda ni cha nani? Bei hupangwa na nani? Hasara humwangukia nani?

Kisha aeleze habari za Tanzania. Azimio la Arusha la 1967 lilitia njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita na Uganda ya 1978–79 na kupanda kwa bei ya mafuta, sabuni iliadimika. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ikalegezwa. Je, sababu ilikuwa mfumo, vita, au vyote? Wanafunzi wawaulize wazee wao, kisha wapime wenyewe. Asiyejua kupima hudanganywa kwa urahisi.