Kuvu wa Mizizini na Mazao Wakati wa Ukame

Watahiniwa wengi wakiulizwa kuhusu kuvu hutaja mapunye, kutu ya majani na mkate ulioota ukungu, kisha kalamu inaishia hapo. Swali likitaka faida za kuvu katika kilimo, alama hupotea. Soma sehemu hii kwa makini.

Maana
Maikoriza ni uhusiano wa kunufaishana kati ya kuvu wa udongoni na mizizi ya mmea. Jina hili lilitungwa mwaka 1885 na mwanasayansi Mjerumani, A. B. Frank, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kuvu" na "mzizi". Mahindi, mtama, kunde, maharage na mihogo huishi na kuvu hawa. Kabichi na jamaa zake kwa kawaida hawana.

Nani anapata nini?
Kuvu hana klorofili, hivyo hawezi kujitengenezea chakula. Mmea humpa sukari itokanayo na usanisinuru. Kuvu naye huupa mmea maji na madini, hasa fosfeti.

Jinsi kuvu wanavyosaidia wakati wa ukame
1. Nyuzi za kuvu (hifa) huenea mbali kuliko mizizi, hivyo eneo la kufyonza maji huongezeka.
2. Hifa ni nyembamba kuliko vinyweleo vya mizizi. Hupenya kwenye vitundu vidogo vya udongo ambamo maji ya mwisho hubaki.
3. Udongo ukikauka, fosfeti husogea kwa shida sana. Hifa huifuata ilipo na kuifikisha kwenye mzizi.
4. Hifa hushikamanisha chembe za udongo, na udongo wa namna hiyo huhifadhi maji vizuri zaidi.
5. Mmea unaopata maji huweza kuacha stomata wazi kwa muda mrefu zaidi, na usanisinuru huendelea.

Angalia kosa hili
Usiandike kwamba kuvu "hutengeneza maji". Kuvu husaidia kuyafikia maji yaliyopo. Udongo ukikauka kabisa, mmea utakufa hata ukiwa na kuvu.

Wajibu wa mkulima
Kulima mara kwa mara hukata hifa. Kuzidisha mbolea ya fosfeti hudhoofisha uhusiano huu, kwa kuwa mmea ulioshiba fosfeti huacha kumlisha kuvu. Shamba likikaa tupu muda mrefu, kuvu hupungua kwa kukosa mizizi ya kuishi nayo.

Swali la mazoezi
Wakulima wawili wa Dodoma walipanda mtama siku moja. Mvua ilipokatika, mtama wa yule aliyelima shamba lake mara nyingi ulinyauka kwanza. Toa sababu mbili zinazohusu maikoriza. (Alama 4)

*Mwongozo:* Taja sababu, kisha eleza matokeo yake. "Hifa zilikatika" ni alama 1. "Hivyo eneo la kufyonza maji likapungua" ni alama ya pili. Tafuta sababu nyingine katika hoja ya 4.